Nilisimama Kushukuru, Nikamtaja Shemeji

Wiki iliyopita niliwaacha nimeshika mkasi, na Dative amesimama mlangoni pangu akiniambia nimechaguliwa. Mkasi ule ni wa kukatia vitenge, lakini kwa dakika moja hivi hata mimi sikuwa na hakika nitakata nini.

Nimechaguliwa kwa lipi? Kutoa ishimwe.

Kwa wasiojua ya kwetu Gisenyi: Jumapili ya mwisho wa mwaka, kanisani kwetu mtu mmoja husimamishwa mbele. Anausimulia mwaka wake, anamshukuru Mungu, kwaya inapokea. Hilo ndilo ishimwe. Na wanapenda sana mtu aliyeteseka. Aliyekula vizuri mwaka mzima, ushuhuda wake haumtoi mtu machozi.

Mwaka huu nani kateseka akanishinda?

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitamfupishia. Naitwa Kabatesi, fundi cherehani. Nimezaliwa Karagwe, Tanzania, nikarudi Rwanda msichana, nikaolewa Rugerero na mwanamume anaitwa Nziza. Mwezi wa tatu Nziza akahamia Musanze kwa mwanamke mwingine, bila hata kunigombeza kwanza ili nijue kuna neno. Mwezi wa tano mto Sebeya ukafurika, ukaondoka na nyumba yangu na cherehani yangu. Nikabaki na binti yangu Akaliza na ng'ombe mmoja, Gaju, ambaye alikata kamba akapanda mlimani mwenyewe.

Siku ya tatu, tope halijakauka miguuni, akaja shemeji yangu Rugema, kaka mkubwa wa Nziza, mwanajeshi mstaafu. Alikuja na kamba mpya. Akamfunga Gaju mbele ya majirani, akaondoka naye. Nilimwuliza anampeleka wapi ng'ombe wangu.

"Mama Akaliza," alisema, "mimi hapana jibu."

Basi. Hayo tu.

Gaju hakuwa ng'ombe wa ukoo wao. Mama yake alitoka kwa baba yangu mzazi, ni ile zawadi ambayo wazazi wa mke huwarudishia maharusi baada ya kupokea mahari. Baba sasa ni marehemu. Aliyemchukua Gaju alinichukulia kitu cha mwisho nilichobakiwa nacho kutoka kwa baba.

Tangu siku ile Rugema nilimwita mwizi. Nilimwita sokoni, nilimwita bombani watu wakichota maji, nilimwita msibani tukiwa tumeshika maua ya kaburini. Hakunijibu hata mara moja. Na mtu asiyejibu anakera kuliko anayetukana.

Kuna msomaji ameniandikia akinishauri nisamehe ili nipate usingizi. Usingizi ninao, ndugu yangu. Ninachokosa ni ng'ombe.

Turudi kwa Dative. Yeye ndiye mkuu wa akina mama kanisani, na ana moyo mwema ambao ukiukaribia sana unachosha.

"Bon, Mama Akaliza, weka kwanza ile mukasi chini."

"Nimshukuru Mungu kwa lipi, Dative? Kwa mto?"

"We uko muzima."

"Hata Rugema ni mzima."

"Mutoto yako iko muzima, tena anapata bwana. Na ile mashini yako? Ilikuja yenyewe, hatujui ilitoka wapi. Ile haiko muujiza?"

Hapo alinikamata, lazima niseme kweli. Mwezi wa tisa, nikiwa nashona kwa mkono katika kachumba nilikopanga huku Nengo, mzee Hamdani aliniita dukani kwake. Mzee Hamdani anauza vitenge, wao ni Waislamu wa mjini hapa tangu babu zake. Nikakuta cherehani ya miguu. Imetumika, lakini imepakwa mafuta, imetunzwa. Chini ya meza yake palikuwa na msalaba mdogo, umechorwa kwa rangi ya kucha, nyekundu.

"Mutu ameileta," mzee Hamdani alisema. "Amesema ni ya kwako. Amesema usiulize."

Niliuliza. Niliuliza kila nilipokwenda kununua uzi.

"Mama, mi niko mutu ya vitenge," aliniambia. "Siko mutu ya maneno."

Sasa sikilizeni, maana jambo hili ndilo limeniangusha. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, unaapa kwa jina lake. Ukijikwaa, ukishtuka, ukiungua, linalotoka mdomoni ni "Yampaye inka!" na jina la aliyekupa. Yaani alinipa ng'ombe fulani. Hakuna anayefundishwa wala anayejizuia. Unaweza kumjua mtu kafadhiliwa na nani kwa kumkanyaga tu kidole.

Mimi sikuwa na jina la kuapia. Sindano ikinichoma nilikuwa namtukana Rugema.

Jioni ile Akaliza alikaa juu ya kitanda changu, akakunja mikono. Akikunja mikono najua nitashindwa.

"Mama, Jumamosi inayofuata ishimwe ni gusaba yangu."

"Najua. Nguo zako nashona mimi."

"Familia ya Cyiza wanakuja kuniomba. Baba hayupo. Baba Mkubwa Rugema asipokaa kile kiti, wataongea na nani? Wataongea na turubai?"

Hilo ndilo lilikuwa linanisumbua. Binti haombwi kwa mama. Lazima mzee wa upande wa baba akae pale mbele, ajibu maneno, apokee. Ukoo wa Nziza umebaki na mzee mmoja tu, na mzee huyo ni mwizi wa ng'ombe.

"Ukimtukana kanisani hatakuja," Akaliza alisema. "Sema asante, Mama. Maneno mawili. Halafu ukae."

"Nitasema mawili."

"Uniahidi."

Nilimwahidi. Niliweka hata mkono kifuani.

Jumapili ikafika. Nilivaa kitenge kipya, nikafunga kilemba vizuri. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Rugema alikuwa benchi la mbele pamoja na wazee wa kanisa, suti ya kijivu, mikono magotini, mgongo wima kama yuko gwaride. Kanisani tunasema Kinyarwanda, kwa hiyo ya humo nawafasiria.

Mchungaji aliniita. Nikapanda.

Nilianza vizuri, jamani. Nilimshukuru Mungu kwa uhai. Nilimshukuru kwa Akaliza na kwa Cyiza wake. Nilishukuru kwa cherehani. Watu wakasema amina, mama mmoja akaanza kulia mapema. Nilikuwa nageuka nikakae.

Mchungaji naye akaona bado tamu. "Usishuke, Mama! Wataje kwa majina waliokushika mkono katika mwaka huu mgumu!"

Mungu amsamehe, hakujua anachokifungua.

Nilimtazama Rugema. Naye akatazama viatu vyake, akatikisa kichwa polepole, na pembeni mwa mdomo wake nikaona kitu kama tabasamu. Anatabasamu! Mwaka mzima nalala chini ya bati la mtu, yeye anatabasamu kwenye ishimwe langu. Ulimi hauna mfupa, nao ukaenda.

"Aliyenishika mkono ni huyu hapa," nilisema. "Alinishika ili asipate taabu ya kunifungua vidole akininyang'anya. Namshukuru Mungu kwa kunionyesha mwizi angali hai. Rugema! Simama uliambie kanisa ng'ombe wangu yuko wapi!"

Nilimwita jina tupu. Si shemeji, si mzee. Jina tupu, mbele ya mchungaji.

Mpiga kinanda alidhani nimemaliza, akabonyeza na kwaya ikasimama. Mtu akawavuta wakae.

Rugema aliendelea kutazama viatu vyake.

Huko nyuma, mlangoni, kulikuwa na mwanamume mwembamba ameshikilia gunia la viazi vya shukrani begani. Sauti yangu ilimshtua. Gunia likamponyoka, likatua juu ya mguu wake.

"Yampaye inka Rugema!" alipiga kelele.

Kanisa zima liligeuka.

Mimi nilikuwa nimeshika kipaza sauti bado. "Wewe! Rugema amekupa ng'ombe?"

Mtu yule alitamani ardhi imeze gunia pamoja naye. "Ndiyo, Mama."

"Unaitwa nani?"

"Bizumuremyi. Wa Kanama."

"Ng'ombe gani?"

Hakuwa mtu wa kusema uongo ndani ya kanisa. "Mwekundu. Anaitwa Gaju."

Hapo ndipo Rugema aliposimama. Miezi saba namtukana hajasimama, leo kasimama. "Bizumuremyi," alisema, "funga mdomo."

"Aseme!" nilipiga kelele.

Na yule mtu, maskini, akiwa katikati ya mwanajeshi na mwanamke mwenye kipaza sauti, alimwogopa mwanamke.

"Marehemu mke wangu, Murekatete, alikuwa fundi," alisema. "Cherehani yake ilikaa na vumbi miaka miwili. Mzee Rugema alikuja na ng'ombe. Akaniambia, toa cherehani, chukua ng'ombe. Nikamwambia haviko sawa, cherehani kuukuu na ng'ombe mzima! Akasema, basi ndama jike wa kwanza atarudi kwa mwenyewe, Mama Akaliza, siku ya binti yake. Asiambiwe kabla. Ng'ombe amezaa, Mama. Jike. Ana doa jeupe kwenye paji la uso." Akainama kuokota kiazi. "Na cherehani ina msalaba wa rangi ya kucha chini ya meza. Aliuchora Murekatete."

Mnategemea nilianguka magotini nikalia. Sikuanguka. Nilipandwa na hasira mara mbili ya ile ya kwanza.

Kwa sababu ni wema gani huo? Umchukue ng'ombe wangu bila kuniuliza, umgeuze cherehani, uniletee kilicho changu kupitia mlango wa nyuma, kisha uniache niungue moyo miezi saba! Mtu akikuficha wema wake anakufanya wewe mwovu. Waumini wote pale walikuwa wananitazama mimi sasa, hawamtazami yeye. Mimi ndiye niliyegeuka mwizi wa kanisa lile.

Rugema alichukua kofia yake, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakukimbia. Alitembea.

Akaliza alisimama. "Uliniahidi," alisema. Hakusema kwa sauti, lakini nilimsikia. Akatoka kumfuata baba yake mkubwa, na Dative akamfuata akimwita.

Jumamosi ya mwanangu ilikuwa inatoka kwa mlango ule, naiona.

Niliteremka. Nje sikuwaona. Nikapanda pikipiki. "Rugerero," nilimwambia dereva. "Na ukifika unisubiri, sitakawia." Njiani nilikuwa napanga maneno. Nusu yalikuwa ya kuomba msamaha, nusu yalikuwa matusi, na hayakutaka kukaa pamoja.

Rugema alikuwa ndio anafungua geti lake. Akaliza hakuwa naye.

"Binti yuko wapi?"

"Dative amempeleka kwake. Analia. Wewe punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Aliinua kiganja, kama anavyomnyamazisha mtoto. Ndivyo nilivyokielewa kiganja kile. Nikapandisha sauti.

"Kwa nini hukuniambia? Ningeshindwa nini kukaa kimya kama ningejua Gaju yuko Kanama, kwa Bizumuremyi, anakula majani? Mpaka niambiwe na mtu wa viazi! Na ndama! Ndama wa mwanangu yupo Kanama, watu wote wanajua, mimi sijui!"

Rugema alifumba macho. Kisha akanishika kiwiko, akanivuta mpaka kwenye ua wa michongoma, mbali na nyumba. Tangu nimeolewa katika ukoo ule hajawahi kunigusa hata kwa kunisalimia.

"Sikiliza," alisema chini chini. "Siku ya pili ya mafuriko, Nziza alipiga simu. Hapana uliza kama nyinyi mko hai. Aliuliza ng'ombe."

Nilitoa kiwiko changu mkononi mwake.

"Alikuwa ameahidi mchinjaji, kule Musanze. Alisema anakuja kesho kuchukua. Ana karatasi ya ndoa. Kwa sheria mali ya nyinyi wawili ni yake pia. Wewe ungemzuia na nini? Na mkasi?"

"Ungeniambia."

"Mdomo yako hapana lala hata siku moja, Mama Akaliza. Mimi nilimwambia Nziza, ng'ombe nimechukua mimi, nimeuza, nimekula. Hapana amini. Alituma watu kuuliza sokoni. Wakakuta wewe uko katikati ya soko unaniita mwizi. Wakarudi wakamwambia, kweli, Rugema mwizi." Kwa mara ya kwanza aliniangalia usoni. "Kila siku ulipiga kelele, ng'ombe alikuwa salama. Mimi nilisema, acha apige. Leo kanisani nilicheka kidogo. Nilidhani umechoka kupiga kelele."

Jamani. Hasira yangu ndiyo ilikuwa zizi la Gaju, na mimi sikujua.

Nilitaka kusema asante. Neno hilo nimelisema maisha yangu yote, kwa muuza chumvi, kwa konda, kwa mteja anayenipunja. Lilikataa kutoka. Lilikwama kwa sababu bado nilikuwa na hasira naye, na ninayo mpaka leo ninavyoandika. Kuna njia nyingi za kumlinda mtu, na yeye alichagua ile inayomfanya mtu aonekane kichaa sokoni.

"Ungeweza kuniambia hata mwezi wa tisa," nilisema. "Cherehani ilipokuja."

"Ningeweza."

"Ulikosea, shemeji."

"Nilikosea."

Shemeji. Nalo lilitoka lenyewe, sikuliita.

"Jumamosi," nilisema. "Utakaa kile kiti cha Akaliza?"

Alitazama nyumba yake.

"Kiti kina mwenyewe sasa," alisema. "Ndiyo maana nilisema punguza sauti."

Nilitazama alikotazama. Mlangoni, juu ya kizingiti, kulikuwa na pea ya viatu vya kahawia vya kiume. Kisigino cha kulia kilikuwa kimeliwa upande. Miaka ishirini na mbili nimevipiga rangi viatu vya mtu anayeburuta mguu wa kulia.

"Amefika jana," Rugema alisema. "Anasema amekuja kwa ajili ya binti. Mimi nilimwambia lala, tutaongea. Hapana ujua ng'ombe bado yuko."

Hajui ng'ombe bado yupo. Nami nilikuwa nimesimama getini, kwa sauti ile ile ya sokoni, nimetaja Kanama. Nimetaja Bizumuremyi. Nimetaja na ndama.

"Hakusikia," nilisema. "Amelala."

Tulirudi kuelekea mlangoni, taratibu, wote wawili, kama watu wanaokwenda kutazama kama maziwa yamechemka.

Viatu havikuwepo, na mlango wa nyuma ulikuwa wazi.

Ndipo tukasikia pikipiki ikiwashwa barabarani. Ile ile, niliyoiambia inisubiri. Nilikimbia mpaka getini, nikajikwaa kwenye jiwe, kidole kikapasuka, na huku naona mgongo wa Nziza umeketi nyuma ya dereva, kamba imezungushwa begani.

"Yampaye inka Rugema!" nilipiga kelele.

Shemeji yangu alikuwa nyuma yangu. Alilisikia. Wala sikuwa na nafasi ya kugeuka nimwone uso, kwa sababu pikipiki ilikuwa imekwisha kukata kona ya kupanda Kanama.